Kutengua si Kuvunja: Mgomo wa Northwest Ambao Haukutokea

Agosti 2006, wafanyakazi wa uwanjani wa shirika la ndege la Northwest la Marekani, waliokuwa wanakaribia kupunguzwa kazi, walipewa kijitabu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya njia 101 za kubana matumizi. Nyingi ni zile ambazo hata bibi yako angekupa bila kulipwa. Nyingine zilikuwa na utani wa ajabu: vito kanunue kwenye duka la rehani, mpenzi wako mpeleke matembezi msituni maana msitu haulipiwi, daktari muombe sampuli za dawa. Halafu kulikuwa na moja iliyofunika zote. Iliwashauri wasione haya kuokota jalalani kitu kitakachowapendeza.

Habari ikavuja, watu wakacheka, wengine wakalia, na kampuni ikaomba radhi.

Sisi wapenda vitabu tuna tabia ya kutafuta sentensi moja inayobeba hadithi nzima. Kwa hadithi hii wengi wangechagua hiyo ya jalala. Mimi siichagui. Ni kejeli nzuri, lakini ni ajali tu ya mtu aliyeandika bila kufikiri nani atasoma. Sentensi inayobeba hadithi hii iliandikwa na watu waliofikiri sana. Iliandikwa mahakamani, na uzito wake wote umekaa kwenye kitenzi kimoja. Nitaifikia.

Wiki zilezile kijitabu kinasambaa, kundi jingine ndani ya kampuni hiyohiyo lilikuwa linahesabu siku. Wahudumu wa ndege, takriban 9,000, walikuwa wanapima kama wagome au wasigome huku mwajiri wao akiwa amefilisika. Wasomaji waliosafiri kwenda Marekani kutoka Nairobi, Dar au Kilimanjaro miaka ile huenda waliwahi kuhudumiwa nao. Ulipanda KLM usiku, ukafika Amsterdam asubuhi macho mekundu, ukahamia ndege nyingine yenye mkia mwekundu iliyokupeleka Minneapolis au Detroit. Mkia huo ndio ulikuwa wa Northwest. Yule mama wa makamo aliyekuuliza kama unataka kahawa alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na chama chake kilikuwa vitani.

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tulikutana na mgomo kwa mara ya kwanza kwenye riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya makuli wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948. Mgomo wa Kuli unauona kwa macho. Watu hawaendi bandarini, mizigo inakaa, basi. Mgomo wa Northwest unahitaji subira zaidi, kwa sababu karibu wote ulifanyika kwenye karatasi. Lakini swali ni lilelile la Rashidi na wenzake: mtu asiye na kitu ila mikono yake, akikatazwa kuikunja, amebaki na nini?

Kwanza tuelewane kuhusu kufilisika. Huku kwetu neno hilo lina sura ya mtu aliyefungiwa duka, vitu vyake vinanadiwa uani. Marekani kuna Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi, na hiyo ni kitu kingine kabisa. Kampuni inakwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, halafu inaendelea na kazi kama kawaida. Ndege zinaruka, tiketi zinauzwa, wakubwa wanabaki ofisini mwao. Wakati huo jaji anaangalia ni madeni gani yapunguzwe na mikataba gani itupwe.

Mtu aliyeigeuza kinga hiyo kuwa silaha dhidi ya wafanyakazi anaitwa Frank Lorenzo. Septemba 1983 aliipeleka kampuni yake ya Continental kwenye ufilisi, akawaachisha kazi watu kama 12,000 kwa mpigo, kisha baada ya siku chache akawaita kama 4,000 warudi kwa karibu nusu ya mshahara. Mikataba ya vyama vyao aliitupa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga kifungu cha 1113, kinachosema kampuni iliyofilisika haiwezi kuutupa mkataba wa wafanyakazi kwa kujiamulia. Lazima kwanza ijadiliane nao kwa nia njema, kisha ikishindikana iombe ruhusa ya jaji. Vyama vilishangilia. Hawakujua kwamba wamejengewa mlango, na mlango kazi yake ni kupitika.

Lorenzo huyohuyo aliinunua Eastern Air Lines mwaka 1986. Mafundi wa Eastern waligoma tarehe 4 Machi 1989, marubani na wahudumu wakawaunga mkono, na siku tano baadaye kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Januari 1991 Eastern ikafa kabisa. Kila mfanyakazi wa ndege Marekani wa umri fulani anaijua hadithi hiyo, lakini kila mmoja anaisimulia kivyake. Kwa mmoja ni hadithi ya watu waliomshinda tajiri katili. Kwa mwingine ni ya watu waliochoma nyumba wakiwa ndani. Wahudumu wa Northwest walipokaa mezani kupima mwaka 2006, mzimu wa Eastern ulikuwa umekaa nao na haukusema upande wake ni upi.

Mzimu wa pili ulikuwa wa karibu zaidi, na huu unaniuma kuuandika.

Tarehe 20 Agosti 2005, kabla hata ya ufilisi, mafundi na wasafishaji wa Northwest kama 4,400 waligoma. Kampuni ilikuwa imejiandaa miezi mingi. Mafundi mbadala walishafundishwa, wakaingizwa siku hiyohiyo, ndege zikaendelea kuruka. Marubani hawakugoma kuwaunga mkono. Wapakiaji mizigo hawakugoma. Na wahudumu wa ndege nao, kama chama, hawakugoma. Kila asubuhi waliwapita mafundi waliokuwa wamesimama na mabango yao, wakaingia kazini na masanduku yao ya magurudumu. Sababu walikuwa nazo. Chama cha mafundi kilikuwa na historia ya kuwanyang'anya wenzake wanachama, hakikuwa na marafiki wengi, na hakuna aliyetaka kufa kwa ajili yake. Naelewa. Lakini pia nadhani wengi wao waliliona bango lile tena mwaka mmoja baadaye, usiku, wakiwa wamelala macho.

Siku 25 baada ya mgomo kuanza, tarehe 14 Septemba 2005, Northwest iliomba kinga ya ufilisi jijini New York. Siku hiyohiyo, mahakama hiyohiyo, Delta nayo ikafanya vivyo hivyo. Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga mwishoni mwa Agosti, bei ya mafuta ikapaa, na sheria mpya ya ufilisi, kali zaidi, ilikuwa inaanza kutumika Oktoba. Aliyekuwa na nia ya kuingia alikuwa na wiki chache tu.

Kwa wahudumu kampuni ilitaka akiba ya dola milioni 195 kwa mwaka. Ukiifasiri kwa lugha ya jikoni, ni mshahara kupungua kwa takriban asilimia 21, saa za kazi kuongezeka, na bima ya afya kugharimu zaidi. Viongozi wa chama walijadiliana wakafikia makubaliano Machi 2006. Wakayapeleka kwa wanachama. Juni wanachama wakapiga kura: asilimia 80 wakasema hapana.

Kampuni ikarudi kwa jaji wa ufilisi, Allan Gropper, na mwishoni mwa Juni akaipa ruhusa ya kuutupa mkataba wa zamani. Wiki iliyofuata wahudumu wakakitupa chama chao wenyewe. Kilikuwa chama kidogo, cha hapohapo Northwest, kwa hiyo wakajiunga na AFA, chama kikubwa cha wahudumu wa mashirika mengi. Viongozi wapya wakakaa mezani, wakapata masharti yaliyolainishwa kidogo, wakayarudisha kwa wanachama. Tarehe 31 Julai kura zikahesabiwa. Hapana tena, safari hii kwa asilimia 55.

Hebu tusimame hapa, kwa sababu waandishi wengi wa biashara wa wakati ule walipita haraka wakisema wahudumu wamekosa akili. Walishaambiwa kwamba wakikataa watawekewa masharti mabaya zaidi. Na ndivyo ilivyokuwa, siku ileile kampuni ikaweka masharti ya Machi, yale yaliyokataliwa kwa asilimia 80. Basi mtu anakataaje kibaya ili apate kibaya zaidi?

Jibu langu ni kwamba walikuwa hawachagui kati ya masharti mawili. Walikuwa wanachagua kama saini yao iwepo au isiwepo. Ukisaini mkataba mbaya, umekubali, na umefungwa nao. Ukikataa na ukalazimishwa, basi angalau huna mkataba. Na mtu asiye na mkataba, walivyoamini wao na mawakili wao, yuko huru kugoma. Tangu 55 ile wakaanza kuhesabu siku 15 walizoipa kampuni.

Mgomo walioupanga haukuwa wa wote kutoka kazini. Chama cha AFA kina mbinu yake kiliyoipa jina CHAOS, yaani vurugu. Badala ya watu wote kukaa nyumbani, na kampuni kuingiza watu mbadala kama ilivyofanya kwa mafundi, wanagoma safari moja hapa, nyingine kule, bila taarifa. Leo ndege ya saa mbili asubuhi ya Detroit, kesho hakuna, keshokutwa tatu kwa mpigo. Mwaka 1993 wahudumu wa Alaska Airlines waliitumia. Waligoma safari saba tu, wahudumu 24 tu, lakini abiria hawakujua ya nane itakuwa ipi, wakaanza kukimbia. Silaha hiyo inafanya kazi vizuri zaidi kabla haijatumika. Ni fimbo ambayo kazi yake kubwa ni kuonekana imeshikwa.

Tarehe 10 Agosti polisi wa Uingereza wakatangaza kuzima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, ile iliyotuachia adhabu ya chupa za mililita 100 mpaka leo. Viwanja vikawa vurugu tupu. Chama kikaahirisha mgomo kwa siku kumi, hadi usiku wa tarehe 25. Kuna wanaosema huo ulikuwa udhaifu. Mimi naona ni watu ambao kazi yao halisi, tukiacha kahawa, ni kuwatoa abiria ndani ya ndege inayoungua, na hawakuweza kujisahaulisha hilo hata wakiwa na hasira.

Tarehe 17 Agosti Jaji Gropper, yuleyule aliyeruhusu mkataba utupwe, akasema hana mamlaka ya kuzuia mgomo. Wahudumu wakashangilia. Kampuni ikakata rufaa, na tarehe 25, saa chache kabla ya muda kufika, Jaji Victor Marrero wa mahakama ya juu yake akatoa zuio. Hakuna kugoma mpaka suala liamuliwe. Baadhi ya wahudumu walikuwa tayari wameshafunga mabegi wakisubiri kujua ni safari ipi. Wakaenda kazini.

Sasa tufike kwenye kitenzi.

Wafanyakazi wa ndege Marekani wanatawaliwa na Sheria ya Kazi ya Reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili iguse na ndege. Ilitungwa ili treni zisisimame. Chini yake mkataba wa wafanyakazi haufi. Tarehe yake ikipita, unaendelea kuishi mpaka upatikane mwingine. Pande zote mbili lazima zijadiliane, Bodi ya Taifa ya Usuluhishi iwapatanishe kwa muda wowote itakaoona unafaa, ikishindwa iwaachie, kisha wangoje siku 30 za kupoa. Mafundi wa Eastern mwaka 1989 walikuwa wamezimaliza hatua hizo zote, ndiyo maana waligoma kihalali. Katika kipindi chote cha kungoja, mfanyakazi hagomi na mwajiri habadilishi chochote. Huo ndio moyo wa sheria: nifunge mikono na wewe ufunge yako.

Hoja ya wahudumu ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Mwajiri amefungua mikono yake. Amebadilisha mshahara, saa, bima. Kwa hiyo na sisi tufunguliwe.

Machi 2007 Mahakama ya Rufani ya New York ikatoa hukumu yake. Ikasema Northwest haikuvunja mkataba. Mkataba ulitenguliwa, kwa ruhusa ya jaji, chini ya kifungu cha 1113. Kilichotenguliwa kihalali kinakoma kuwepo, na kisichokuwepo hakivunjiki. Kwa hiyo kampuni haijamkosea mtu. Lakini wajibu wa chama wa kujitahidi kufikia makubaliano hautoki kwenye mkataba, unatoka kwenye sheria yenyewe, na sheria haikutenguliwa. Kwa hiyo wahudumu bado wamefungwa. Zuio likabaki.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji maelezo marefu hapa. Tunaijua vizuri tofauti ya kufukuzwa na kutenguliwa. Taarifa ya jioni haisemi fulani amefukuzwa, inasema uteuzi wake umetenguliwa, na ukisikiliza vizuri utaona mtu mwenyewe hayumo kwenye sentensi. Kilichoguswa ni uteuzi. Yeye amebaki pembeni, hana wa kumlaumu. Ndivyo majaji wale walivyoandika. Kitenzi kimoja kilipobadilishwa, mkosaji akatoweka, na kukiwa hakuna mkosaji hakuna wa kumgomea.

Nikiri kwamba kama mantiki, hukumu ile inasimama. Nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta mahali inapojikwaa. Majaji wenyewe walijua kwamba sheria mbili walizokuwa wanaziunganisha hazikuwahi kuandikwa zikikumbukana. Ya ufilisi haikufikiria reli, ya reli haikufikiria ufilisi. Pengo likaachwa katikati, na mtu fulani ilibidi aanguke humo. Ila walioanguka ni wale waliokuwa wanapata dola elfu thelathini na kitu kwa mwaka, na hilo sidhani kama mantiki peke yake inalieleza. Fundi wa kiwanda cha magari, aliye chini ya sheria nyingine ya kazi, kampuni ikiutupa mkataba wake mbele ya jaji wa ufilisi, yeye ana njia ya kugoma. Mhudumu wa ndege hana. Wote wawili wamekatwa mshahara na watu wenye suti zinazofanana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mei 2007, kampuni ikiwa mlangoni kutoka kwenye ufilisi, wahudumu wakapiga kura mara ya tatu. Safari hii kulikuwa na karoti: wakikubali, chama kingepewa dai la dola milioni 182 dhidi ya kampuni, ambalo likiuzwa lingempa kila mmoja maelfu kadhaa ya dola. Wakikataa, wanatoka na masharti yaleyale na mkono mtupu. Walikubali, kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya kura. Mimi hizo zilizokaribia nusu nyingine, za watu waliosema hapana mara tatu, na mara ya mwisho wakijua kabisa kwamba hapana yao ina bei na bei yenyewe wanailipa wao, nazifikiria kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Tarehe 31 Mei Northwest ikatoka kwenye ufilisi. Mkurugenzi wake mkuu, Doug Steenland, akapewa hisa za thamani ya takriban dola milioni 26.

Mwaka 2008 Delta ikaimeza Northwest na mikia myekundu ikaanza kupakwa rangi nyingine. Wahudumu wa Delta hawakuwa na chama. Mwaka 2010 wakapiga kura pamoja kuamua kama wawe nacho. Waliokikataa walikuwa 9,544, waliokitaka 9,216. Kwa kura 328 wahudumu waliotoka Northwest wakakipoteza hata kile walichokuwa nacho.

Hukumu ya 2007 yenyewe ilibaki kwenye mahakama za New York. Novemba 2011 kampuni ya American, yenye makao makuu Fort Worth, Texas, ilipotaka kinga ya ufilisi haikwenda kwa majaji wa Texas. Ilipanda ndege mpaka New York. Marubani wake wakakataa mkataba waliopewa Agosti 2012, na Septemba jaji akaruhusu ule wa zamani utupwe. Kugoma walikuwa hawawezi, kila mtu alijua. Wiki hizo ndege za American zikaanza kuchelewa na kufutwa kwa mamia. Kampuni ikalalamika kwamba marubani wanaripoti kila hitilafu ndogo dakika chache kabla ya kuruka. Viongozi wa marubani wakajibu kwamba hakuna mgomo wowote, hata wa chinichini. Ndege zimezeeka tu, na rubani anayeona kitu kibovu kazi yake ni kukiandika.